Kasa sio mjinga

Ndugu mhariri, salaam. Mi msomaji wako wa huku Msimbati, Mtwara, naomba kanafasi niseme la kasa maana limenikaa rohoni wiki nzima.

Juzi usiku tulimkuta mmoja kapanda ufukweni, keshachimba shimo kwa yale mapezi ya nyuma, anadondosha mayai mawili matatu kwa mpigo, meupe duara kama mpira wa tenisi ya meza, na machozi yanamtoka (hayo machozi ni chumvi tu anaitoa mwilini, halii mtu hapo). Jamaa mmoja akampanda mgongoni apigwe picha, mwenzie anammulika tochi ya simu usoni, kasa wala hashtuki, basi kicheko, eti mnyama mjinga huyu. Nikanuna.

Jamani ile ni homoni, kemikali ya mwili inayotuma viungo kazi. Kiumbe ukikibana mwili unamwaga homoni ya mfadhaiko, kwa kasa inaitwa kotikosteroni, lakini Australia watafiti walipima damu ya kasa wa kijani majike walio kwenye kutaga wakakuta haipandi kama siku zingine, yaani amekuja kutaga na mwili hausikilizi kingine. Ila ungemmulika mapema, bado anapanda mchanga, angegeuza akarudi majini na mayai yake tumboni.

Halafu jike huyu ana testosteroni, eeh hiyo hiyo ya kwenye matangazo ya nguvu za kiume haha. Inakuwa juu kabla ya msimu, inashuka kila anapotaga, ikifika chini kabisa ujue mayai yamekwisha. Estrojeni, homoni ya kike yenyewe, ilishamaliza kazi miezi mingi nyuma, huko malishoni kwenye majani ya bahari, ndo iliyolituma ini litengeneze kiini cha yai. Na akishataga leo, ndani ya siku moja mbili homoni nyingine, projesteroni, inaruka juu, mayai ya kiota kinachofuata yanaachiwa, siku 10 mpaka 15 hivi karudi. Babu yangu hakuwahi kusikia neno homoni ila alikuwa anasema ukimwona bamvua hili msubiri bamvua lijalo (bamvua ni maji makubwa ya bahari, huja kila wiki mbili hivi), na hesabu zinakaribiana kabisa!

Sasa anayemchinja usiku ule anajua kachinja kasa aliyemaliza kutaga, kumbe kachinja na viota vingine vyote vya msimu, kila kimoja mayai mia na ushee, na kasa wa kijani hatagi kila mwaka, anaweza kukaa miwili mitatu au zaidi. Yote hiyo kwa kitoweo cha siku mbili, tena ndani ya hifadhi ya bahari iliyopo tangu 2000.

Sisi tumechomeka kijiti kando ya pale alipotaga. Bamvua lijalo tutakuwepo watatu, simu tunaziacha nyumbani.

Msomaji wako, Msimbati