Dada, msiifute Arusha

Sinza, Dar es Salaam

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule dereva wa lori, na nimefurahi mno. Huku hatujambo, ila mama bado magoti yanamsumbua. Habari nyingine za nyumbani nitakuandikia baadaye, maana neno moja ulilolisema limenikaa moyoni na ningependa nikujibu hilo kwanza.

Unasema umechoka na hesabu za mkataba wa amani wa Arusha huko kwenu Burundi: asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi serikalini na bungeni, nusu kwa nusu katika Seneti, viti vitatu vya Watwa. Unasema zinawakumbusha watoto makabila ambayo wangekwisha kuyasahau. Na kwa kuwa Katiba ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano kupima kama mgao huo uendelee au ukome, wewe unaona ukome. Dada, nakuheshimu sana, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Fikiria jeshi. Juni 1993 mlimchagua Ndadaye, Mhutu, rais wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za vyama vingi. Oktoba 21 mwaka huohuo wanajeshi wakamuua. Kura zilikuwa za nchi nzima, bunduki zilikuwa za upande mmoja, wa Watutsi. Mkataba uliosainiwa Arusha Agosti 28, 2000, ambao Mwalimu Nyerere aliusimamia mpaka mauti yakamkuta na Mandela akaupokea, ulilenga donda hilohilo: kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Waasi waliokuwa msituni wakavaa sare moja na askari waliokuwa wakiwawinda. Mimi sijui jambo gumu kuliko hilo ambalo nchi jirani imewahi kulifanya.

Kuna mzee mmoja hapa Kariakoo, fundi viatu, hunywa naye kahawa jioni. Alivuka mpaka wakati wa mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972 akiwa mtoto, mgongoni mwa shangazi yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na 2014 akapewa uraia wetu pamoja na wenzake zaidi ya 160,000. Habari za Burundi haziulizi mara nyingi. Lakini kila akimwona mtu aliyetoka huko, huweka kikombe chini na kuuliza swali lilelile: "Jeshini bado ni nusu kwa nusu?" Akijibiwa ndiyo, hurudi kwenye kahawa yake. Kaka yake mkubwa alikuwa mwalimu. Askari walikuja na orodha, na jina lake lilikuwemo. Ukimwambia mzee huyu kwamba hesabu hizo ndizo zinazoamsha ukabila, sidhani kama atakuelewa.

Tena mwaka 2015 ulinipa ushahidi ambao bado naushikilia. Mei 13 rais wenu Nkurunziza alikuwa hapahapa Dar, kwenye mkutano wa marais wa Afrika Mashariki, ndipo Jenerali Niyombare alipotangaza redioni kwamba amempindua. Niyombare ni Mhutu, mwenzake Nkurunziza tangu msituni. Na vijana waliojaa barabarani Bujumbura kupinga muhula wake wa tatu walikuwa wa makabila yote. Yalikuwa mambo machungu, watu walikufa na maelfu wakakimbilia kwetu Kigoma, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa madaraka. Miaka 20 kabla yake ungegeuka kuwa wa kabila siku hiyohiyo.

Unachokiona wewe, dada, ni ganda lililobaki. Kilichoipa nguvu ile asilimia 40 ni kwamba sheria ilihitaji theluthi mbili ya bunge, kwa hiyo wenye 60 hawakuweza kujipitishia wanachotaka peke yao. Katiba ya 2018 ikaliondoa hilo kwa sheria za kawaida, wingi tu ukatosha. Muhula wa rais ukatoka miaka mitano kwenda saba. Makamu wawili wa rais, ambao ilikuwa lazima watofautiane kabila na chama, wakawa mmoja, na waziri mkuu kando. Na Juni 2025 chama tawala kikachukua viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Sasa mgao wa makabila unatimizwa ndani ya chama kimoja: chama kinachagua Wahutu wake na Watutsi wake. Hapo nakubali kabisa kwamba watu wachoke. Lakini aliyeharibu mambo si mgao, ni kuondolewa kwa kinga zilizokuwa zikiuzunguka. Ukiufuta na wenyewe, mtu mdogo atabaki ameshika nini?

Najua utanitajia Rwanda, ambako kabila halitajwi hadharani. Wao wana historia yao. Kwenu, woga uliisha kwa watu kutajana wazi na kugawana viti wazi, na nisingependa muache njia iliyowafaa.

Sisemi haya kama mwalimu wenu. Sisi wenyewe kura ya maoni ya Katiba mpya tuliyoahidiwa 2015 haijapigwa mpaka leo, na tunaendelea na ile ya 1977.

Basi wakikuuliza maoni yako, huko Gitega au popote, waombe theluthi mbili irudi na vyama vingine vipumue, halafu muutazame mgao baada ya chaguzi mbili tatu za namna hiyo. Nijibu kwa huyuhuyu dereva, anageuza Ijumaa. Na shemeji unisalimie sana, mwambie kitenge chake nimekipata, nakituma na mzigo ujao.

Mdogo wako wa Sinza