Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo na Mifugo, Kaunti ya Nakuru: Ng'ombe Wangu Halii Bure

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Njoro, kwenye ekari mbili u nusu alizotuachia marehemu mama. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, kuku kadhaa na jogoo mmoja. Wiki iliyopita nililetewa karatasi inayonitaka nizuie kelele za mifugo usiku, la sivyo niwaondoe ndani ya siku thelathini. Haisemi nifanye nini ili ng'ombe anyamaze.

Nikueleze usiku wenyewe. Saa nane hivi, ng'ombe wangu Nyambura alianza kulia. Hakuwa na njaa, horini mlikuwa bado na nepia. Nilitoka na tochi nikamkuta masikio wima, hatulii mahali pamoja, ute mwembamba ukining'inia nyuma kama uzi. Alikuwa anataka dume. Kila mfugaji anaujua mlio ule, mrefu, unaorudiwa bila kuchoka. Joto hilo la kutaka dume halimalizi siku nzima. Likikupita, unangoja siku 21 nyingine, na ng'ombe anaendelea kula huku maziwa yakipungua na ndama hayuko njiani. Alfajiri nilimpigia simu mtu wa kupandisha, na mchana akafika. Mlio uliomkatiza jirani usingizi ndio ulioniita mimi zizini.

Jirani mwenyewe ni mama mwenye mtoto mchanga. Alinunua ploti ya futi 50 kwa 100 kwenye shamba lililokuwa la mahindi, akajenga hatua chache kutoka zizini kwetu. Alipoletwa kuitazama ilikuwa adhuhuri, ng'ombe wamelala wanacheua. Usingizi wa mwanawe ni haki yake, na nimemwambia hivyo uso kwa uso. Nimehamisha banda la kuku likae upande wa pili wa nyumba. Zizi siwezi kulihamisha. Shamba halina pa kulipeleka.

Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, zinaruhusu desibeli 35 tu usiku katika makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kipimo hicho kinamfaa mwenye baa, maana spika inapunguzwa sauti. Mfugo haupunguzwi. Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kilimo na ufugaji, na likazipa pia udhibiti wa kelele na kero za umma. Yote mawili yamo mikononi mwenu. Nyumba zimejaa Kiamunyi, zimefika Ngata, sasa zimetufikia sisi, na bado hatuna kanuni inayotofautisha shamba na kilabu cha usiku.

Kwingine wameshafikiria jambo hili. Ufaransa, jogoo aitwaye Maurice alishtakiwa na majirani; mwaka 2019 mahakama ikaruhusu aendelee kuwika, na mwaka 2021 ikatungwa sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wao.

Ninachoomba ni kwamba malalamiko ya aina hii yakija, atangulie afisa wa mifugo kabla ya karatasi. Yeye ataona kama mnyama ana kiu, kama ni mgonjwa, kama ndama ametenganishwa na mamake jana. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo akibweka usiku kucha kwa njaa, mwenye mbwa huyo simtetei, aonywe. Na bodi ya ardhi inaporuhusu shamba likatwe ploti, mnunuzi aelezwe kwa maandishi, kabla hajalipa, kwamba atakuwa jirani wa zizi. Yule mama angeambiwa mapema, pengine angejenga chumba cha mtoto upande wa barabarani. Mkitaka maoni yetu, itisheni baraza mchana, baada ya kukamua na kupeleka maziwa, nasi tutakuja.

Jumanne ijayo zinatimia siku 21 tangu Nyambura apandishwe. Nitakaa macho nikisikiliza. Akinyamaza, huenda ameshika mimba. Akilia, nitatoka tena na tochi, na asubuhi nitapita kwa jirani kumwomba radhi kabla sijapiga simu.

Wako mwaminifu,
Mfugaji wa Njoro