Vile vidonge vya kolini vya mzee, subiri kwanza

Shosti,

Nifikishie shikamoo zangu kwa mzee, nimefurahi sana kusikia sa hivi anatembea mpaka barazani mwenyewe. Meseji yako nimeiona, kwamba mdogo wako kamletea chupa ya vidonge vya kolini, kile kirutubisho kilichomo kwenye mayai na nyama, eti vinarudisha kumbukumbu baada ya kiharusi, na unauliza kama vina shida. Mi nasema usimpe mpaka daktari wake avione, na nakuandikia kwa urefu mana najua mdogo wako atabisha.

Ishu iko tumboni. Kwenye utumbo kuna bakteria kibao na wengi wao wanatusaidia, ila wapo ambao wakipata kolini wanaivunja inatoka gesi inaitwa TMA, ndo hiyohiyo inayomfanya samaki aliyeoza anuke, afu inaingia kwenye damu mpaka kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa kitu kinaitwa TMAO. Sasa hiyo TMAO ikizidi, zile chembe sahani za kwenye damu, zinazokimbilia kidonda kuziba damu isitoke, zinakuwa na pupa, kitu kidogo tu zishashikana. Mzee wetu bonge la damu lilishamziba mshipa wa ubongo mara moja, kwa hiyo sitaki kabisa tumjaribie.

Na haya sio maneno ya mtaani. Kuna daktari anaitwa Stanley Hazen, yuko Cleveland Clinic kule Ohio, Marekani, yeye na wenzake mwaka 2013 walitoa matokeo ya wagonjwa 4,007 waliowafuatilia miaka 3, na wenye TMAO nyingi ndo walioongoza kwa mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Mdogo wako anaweza kusema labda wale walikuwa wanaumwa zaidi tangu mwanzo, sawa, lakini 2016 wakachukua panya waliokuzwa bila bakteria hata mmoja tumboni wakawapandikizia bakteria wa panya wanaotengeneza TMAO nyingi, na ile hali ya damu kuganda haraka ikahamia nayo! Hapo ndo mi niliposhtuka, yaani tabia ya damu imebebwa na bakteria wa tumboni. Mwaka uliofuata wakaja kwa binadamu, watu 18 wazima kabisa, wengine wala nyama wengine wa mboga tu, wakapewa vidonge vya kolini miezi miwili, TMAO ikapanda zaidi ya mara 10 na chembe sahani zao zikawa kali. Ni watu wachache, nakubali, ila hao hawakuwa na ugonjwa, sembuse mzee.

Mayai lakini usimnyime. Kundi hilohilo baadaye walilinganisha vidonge na mayai, vidonge vikapandisha TMAO, mayai manne kwa siku hayakupandisha, kwa watu wenye figo nzima. Hapo kwenye figo pana maana sana kwa mzee, mana figo ndo zinazoitoa TMAO kwenye mkojo, na presha yake ya miaka yote ile huenda imezigusa. Waombe kliniki wampime figo, ni kipimo cha damu cha kawaida tu.

Ile aspirini ndogo aliyoandikiwa aendelee nayo vilevile, asiache wala asiongeze eti kwa sababu ya haya niliyoandika. Na asije mtu akamnunulia antibayotiki eti aue hao bakteria, walishajaribu hiyo kwenye utafiti wa 2013, TMAO ilishuka na dawa zilipoachwa ikarudi, mbali na kwamba utaua na wale wazuri.

Nipigie picha lebo ya hiyo chupa pande zote, nataka kuona kuna miligramu ngapi na kama wamechanganya na kanitini, kirutubisho kingine cha kwenye nyama, mana hiyo nayo bakteria wanaifanyia mambo yaleyale. Na siku ya kliniki nenda nayo chupa yenyewe kwenye pochi, daktari aione kwa macho yake.

Wako,
Shosti wako wa siku zote