Barua kwa Mwanangu Anayevuka Nyandarua

Buruburu, Nairobi
Alhamisi usiku

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kutoka kwa dada yako, wala si kwako, kwamba Jumamosi unakusudia kuvuka milima ya Nyandarua kwa gari, uingie hifadhini kwa lango la Ruhuruini upande wa Nyeri, utokee lango la Mutubio upande wa Kinangop, na jioni uwe umerudi Nairobi. Sikukatazi. Aliyenunua gari kwa jasho lake haombi ruhusa ya mama yake, na jinsi nilivyojivuna siku ulipoliingiza uani majirani wote waliona. Hata hivyo, ungeniambia.

Neno langu ni moja, nalo ni breki.

Kupanda hakunitishi. Kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari likilemewa huko juu, kwenye nyika iliyopita mita 3,000, usilione bovu na usilichape kwa mafuta. Kinachoninyima usingizi ni kuteremka kutoka Mutubio hadi Ndunyu Njeru, pale barabara inapoiacha nyika na kuingia kwenye mianzi, ikishuka kona baada ya kona. Dereva asiyeizoea miteremko huweka mguu juu ya breki tangu kileleni asiuondoe mpaka chini. Vyuma hushika moto, pedi zikaacha kukwaruza, na mafuta ya breki yakichemka hugeuka mvuke, nao mvuke hubonyea tu, hivyo kanyagio huzama hadi sakafuni na gari lisijue kwamba limekanyagwa. Teremka kwa gia. Gari lako ni la otomatiki, basi usiliache kwenye D. Lishushe hadi 2 au L kabla mteremko haujaanza, injini ndiyo ilizuie, nawe uikanyage breki kwa muda mfupi na kuiachia ipoe. Najua utaniambia kwamba gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne. Hiyo ni kinga ya tope, na tope mtalikuta, maana mvua imenyesha wiki nzima. Kwenye mteremko magurudumu manne yanayovuta hayasimamishi kitu.

Ile siku ya ngozi ya kondoo unaikumbuka, sina haja ya kuisimulia. Ninalotaka ulijue ni kwamba sikusimama pale kwenye kituo cha kutazamia bonde, juu ya Mai Mahiu, kwa sababu ya ngozi. Harufu uliyoilalamikia ndani ya gari, nami nikakugombeza kwamba unadharau biashara za watu, haikuwa ya ngozi mbichi. Baba yako hakuwahi kuambiwa. Ngozi yenyewe bado iko kwenye kiti cha sebuleni, na kila ninapoipigia brashi huwaza mguu wangu wa kulia ulikokuwa muda wote ule.

Mengine ni madogo. Lipia kiingilio mapema kwenye eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa sababu langoni hawapokei fedha taslimu. Waulize askari wa hifadhi hali ya barabara ya kuvuka kabla hujaingia, na wakikwambia haipitiki, rudi kwa njia ya Nyeri bila kubishana nao, maana ubishi umeurithi na najua ulikoutoa. Nyati na tembo wako hata pale usipowaona, kwa hiyo usishuke garini ovyo kupiga picha. Kwenye maporomoko ya Karuru lakini simama, utazame kwa utulivu: maji yale huanguka mita 273 kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya bonde utaona maporomoko ya Gura. Sikuwahi kuwafikisha huko, ingawa niliahidi likizo mbili mfululizo.

Ukifika Ndunyu Njeru, usijaribu kushukia Naivasha kwa ajili ya samaki. Kata kushoto, upite Njabini hadi Flyover, uingie barabara kuu kungali mchana, kwa sababu ukungu wa Kinale na Kimende haungoji usiku, na malori ya hapo nayo yana breki zake. Hata kwenye lami hiyo, kila penye mteremko mrefu, shusha gia.

Kinale uninunulie viazi nusu gunia na kabichi tatu, usikubali zile zilizokatwa. Maji hapa yamekuwa ya mgao tena, siku mbili kwa wiki, na ile koki ya tangi uliyosema utaitengeneza tangu Pasaka inadondoka usiku kucha. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka milima hiyohiyo unayokwenda kuitembelea, kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, na sisi tunayamwaga uani tone kwa tone. Njoo na koki mpya ya nusu inchi.

Kesho, kabla hujajaza mafuta, mpelekee fundi gari afungue magurudumu yote manne atazame pedi, tena usimame hapo uone kwa macho yako. Usiridhike na maneno ya simu. Kisha ukishafika Ndunyu Njeru nipigie, hata kama ni kwa dakika moja, uniambie uliteremka kwa gia gani.

Mama yako