Barua ya malalamiko: waya wa 4043 niliouziwa kwa lebo ya 5356

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAYA WA KUCHOMELEA ALUMINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za kwanza niliandika kwa kifupi, na majibu niliyopata yamenifanya leo niandike kwa kirefu. Aliyejibu ama hakuelewa kilichotokea, ama alielewa akaona afadhali nichoke mwenyewe.

Najenga boti ya alumini nyumbani, ya mita 6, ya kuchomelea toka omo hadi tezi. Mabamba ni ya aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) namba 5083, ugumu wa H116, milimita 5 kwa chini na milimita 4 kwa ubavuni. Hayo sikuyanunua kwenu na sina neno nayo. Kila bamba lina muhuri wa kiwandani na vyeti ninavyo. Kwenu niliagiza kitu kimoja tu: roli mbili za waya wa kuchomelea wa 5356, namba inayotaja aina ya aloi yake, unene milimita 1.2. Agizo linasema hivyo, risiti inasema hivyo, na lebo ya juu ya roli inasema hivyo.

Nilianza na mkuku na mataruma. Hapa nikiri jambo ambalo sasa linaniuma: mishono ilitoka mizuri kuliko yote niliyowahi kuchomelea. Waya uliyeyuka na kutandaa vizuri, na kila nilipomaliza mshono ulikuwa unang'aa. Nikajisifu. Nikamwita na jirani aje kutazama. Anayeujua waya wa 5356 atakuwa ameshashtuka, kwa sababu waya ule una magnesi nyingi, na magnesi huacha masizi meusi kandokando ya mshono, unafuta mpaka kitambaa kinakuwa kama cha jikoni. Mimi jioni kumi na moja sikufuta masizi ya maana, nikadhani ndio ufundi umeniingia.

Nina desturi ya kuchomelea vipande vya mabaki kwa umbo la T, mshono upande mmoja tu, kisha navibana kwenye jiliwa na kukipiga nyundo kile kilichosimama kilalie upande wa mshono. Mshono mzuri hukubali kukunjwa. Uliochomelewa kwa waya wenu ulikatika kwa pigo la pili, ukatoa sauti kama chaki inayovunjika. Nikarudia na vipande vingine vitatu, ikawa vilevile. Kila mara ufa ulipita palepale, kwenye mpaka wa mshono na bamba.

Sikukimbilia kuwalaumu. Nililaumu mikono yangu kwanza, halafu gesi, halafu usafi. Nilikuwa na mabaki ya 5356 kutoka kazi ya zamani, kidogo tu, ya kutosha vipande vinne. Nikavichomelea siku ileile, mashine ileile, mtungi uleule wa argoni, brashi ileile ya chuma cha pua ambayo haigusi kitu kingine zaidi ya alumini. Vyote vinne vikakunjika bila kukatika.

Ndipo nikaitazama roli yenu kwa makini. Lebo ya 5356 imebandikwa juu ya lebo nyingine. Niliipasha kwa hewa ya moto, ikabanduka, na chini yake imeandikwa 4043, yaani waya wa aina nyingine, wenye silikoni badala ya magnesi, pamoja na namba ya toleo. Picha nimeambatisha, kabla na baada ya kubandua. Ili nisije nikaambiwa kwamba huenda lebo ya chini ndiyo yenye makosa, nilichukua kipande cha waya wenu na kipande cha ule wa zamani, nikavisafisha na kuvitumbukiza kwenye maji ya kostiki soda. Wa zamani ulibaki mweupe. Wa kwenu uligeuka kijivu kilichoiva. Hiyo ni silikoni.

Sasa nije kwenye majibu yenu. Jibu la kwanza lilisema "alumini ni alumini" na kwamba namba hizi ni za kibiashara tu. Si kweli, na inanisikitisha kuisikia kutoka kwa watu wanaouza bidhaa hii. Waya wa 4043 una silikoni kiasi cha asilimia 5. Bamba la 5083 lina magnesi kati ya asilimia 4 na 4.9. Ukiviyeyusha pamoja, silikoni na magnesi hushikana na kufanya mchanganyiko mgumu usionyumbuka, nao hukaa hasa pale kwenye mpaka wa mshono. Ndiyo maana ufa haukuwa na haja ya kutafuta njia. Si kwamba 4043 ni waya mbaya. Kwa aloi ya 6061 na kwa alumini nyingi za kumimina ni waya unaoheshimika. Mimi sikuuomba.

Jibu la pili lilisema unyevu umeingia, kwa hiyo mshono una vinyweleo. Ningekuwa na unyevu, vile vipande vinne vya waya wa zamani navyo vingeonyesha. Isitoshe, nimevitazama vilivyokatika kwa lenzi, na vitundu vya hewa ni vya kuhesabu.

Halafu fundi wenu akanishauri kwa simu nipake chaki ndani na mafuta ya taa nje, nione kama inavuja. Kama haivuji, niendelee na kazi. Jaribio hilo nilishalifanya, na mishono yote ilipita. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Chaki na mafuta ya taa hukuonyesha tundu, hayakuonyeshi udhaifu. Boti hii ingeshuka majini ikiwa kavu kabisa, ikakaa vizuri gatini, kisha siku ya mawimbi ya kupigapiga chini, mshono wa mkuku ukaachia na watu wakiwemo ndani. Mnataka nimweleze nani wakati huo kwamba haikuwa inavuja?

Kuirekebisha si kupitisha mshono mpya juu ya ule wa zamani, maana silikoni haiondoki kwa kufunikwa. Inabidi nikate mshono wote, mita 31, hadi nifikie bamba safi. Jiwe la kawaida la grenda hujaa alumini na kuacha uchafu wake ndani ya bamba, kwa hiyo nalazimika kutumia msumeno wa meno magumu na kwenda polepole. Baada ya hapo ni kuchomelea upya. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na mataruma niliyokwisha kuyanyoosha nayatarajia yapinde tena. Mabamba mawili ya chini nimeshayatoa hesabuni. Kingo zake hazitabaki na nafasi ya kukata.

Mlinitumia punguzo la bei kwa ununuzi ujao. Nalirudisha. Ninachotaka ni hiki. Kwanza, mniandikie kwa barua yenye muhuri kwamba roli hii ni ya 4043, mkitaja namba ya toleo. Pili, mniletee waya wa 5356 wenye cheti cha kiwanda, na mfidie mabamba mawili, gesi na misumeno. Hesabu nimeiweka pamoja na picha. Saa zangu sizidai.

La tatu ndilo ninalolisisitiza zaidi: muwatafute wote waliouziwa waya wa toleo hilo na muwaambie. Aliyebandika lebo ile hakubandika moja. Pengine mwingine naye sasa hivi anamwonyesha jirani mshono unaong'aa, na yeye hana mabaki ya waya wa zamani wa kulinganisha.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, kisha nitaipeleka na ushahidi wake kwenye mamlaka ya kulinda walaji.

Roli ya pili sijaifungua. Iko kabatini na karatasi yake ya nailoni kama ilivyokuja, na lebo zake mbili, moja juu ya nyingine. Mtakayemtuma kuichukua aje na hati ya makabidhiano iliyosainiwa. Bila hati hiyo haitoki.

Mteja wenu,
mwenye risiti iliyoambatishwa.