Shemeji, kabla ya mtumbwi tafuta miti: barua ya wazi kuhusu kushuka Tana

Shemeji,

Ujumbe wako nimeusoma. Wewe na mwenzako mnataka kushuka Mto Tana kutoka Garissa hadi Kipini mwezi wa Desemba, mtumbwi mmoja, hamoki mbili (vitanda vya kitambaa vya kuning'iniza mitini), na swali lako ni mtumbwi gani ununue. Nakujibu hadharani kwa sababu hapa Nairobi wengi huuliza hivyo hivyo: wanaanza na chombo. Safari ya mto ya siku nyingi huamuliwa na mahali pa kulala. Ukishajua utalala wapi kila usiku, uzito, chakula na hata aina ya chombo vitajipanga vyenyewe.

Kwanza ahirisha. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, na maji ya Tana hayazaliwi Garissa. Yanatoka Aberdare na Mlima Kenya, yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yanashuka kwenye nyanda kavu. Masinga likijaa na kufurika, mto huvimba Garissa juani, bila wingu hata moja. Aprili 2024 mafuriko yalikata barabara ya Garissa pale Mororo, na boti iliyokuwa ikivusha watu ikazama. Lenga mwisho wa Januari hadi Februari, maji yakiwa yametulia na magogo yameanza kuonekana. Joto litakuwa kali, lakini Agosti utapambana na kusi, ambao utakupiga usoni kila alasiri ukielekea baharini.

Pili, usalama, na hapa sikubembelezi. Garissa, Tana River na Lamu ni kaunti zilizoshambuliwa na magaidi, na kando ya mto wenyewe kumekuwa na mapigano ya wakulima na wafugaji. Nenda kwa naibu kamishna wa eneo, kwa machifu na kwa polisi kabla ya kutoa hata shilingi. Wakisema hapana, usizunguke kutafuta chifu mwingine wa kukupa ndiyo. Sehemu inayopita hifadhi ya nyani ya Tana uliza KWS, shirika la wanyamapori. Dada yangu ataniuliza mimi, si wewe.

Sasa kulala. Kilomita za barabara zisahau, maana Tana ya chini hujipinda kama utumbo. Fungua picha za setilaiti, pima mkondo wenyewe kona kwa kona, kisha gawanya. Watu wawili wenye mzigo hupiga kafi kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Kwa saa tano za kazi, hesabu kilomita 25 kwa siku, na siku moja katika kila tano iwe ya akiba. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa tisa alasiri uwe tayari nchi kavu. Anayetafuta kambi saa kumi na moja huchukua chochote atakachokipata.

Na atakachokipata mara nyingi ni mathenge. Kichaka hicho kimeziba sehemu nyingi za ukingo, matawi yake hayafai kufungia hamoki, na miiba yake hutoboa turubai na chombo cha mpira. Ukiona mahali peupe pazuri palipofunguka mpaka majini, usifurahi haraka: huenda ni malka, njia ya mifugo kushukia maji. Usilale hapo. Ng'ombe watakuja, na wenye ng'ombe watakuuliza umeomba ruhusa wapi. Njia nyembamba iliyochimbika kama mfereji kutoka mtoni ni ya kiboko, ambaye hupanda usiku kwenda kula nyasi. Kambi iwe kando kabisa ya njia hiyo. Mchanga wa ndani ya kona ni mahali mamba huotea jua. Ukingo wa nje ni mrefu lakini maji huula kwa chini, kwa hivyo angalia nyufa ardhini kabla ya kukanyaga karibu. Ninachopendelea ni shamba lenye miembe la Mpokomo, mwenyeji wa kando ya Tana, kwa ruhusa ya mwenyewe. Funga hamoki pasipo matunda yaliyoiva juu yako; embe likidondoka kutoka mita sita si utani.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: hamoki haikukingi na mnyama. Ukikuta kinyesi kibichi cha tembo au kiboko, usiinue kamba juu zaidi ukidhani umepona. Endelea mpaka kijijini. Na ukishapita Garsen miti huanza kupungua, delta ikafunguka kuwa nyasi na vinamasi. Huko hamoki inabaki mzigo tu, kwa hiyo panga kulala vijijini kila usiku.

Kufunga kwenyewe watu wengi hukosea kwa kukaza. Wanavuta kamba mpaka hamoki inyooke, wakidhani ndivyo mgongo utakavyonyooka. Mkanda unaoifunga mtini ukishuka kwa nyuzi 30 kutoka usawa, kila upande hubeba takriban uzito wako wote: ukiwa na kilo 80, kila mti unavutwa kwa kilo 80. Ukikaza mpaka nyuzi 10, mvuto hufika karibu kilo 230 kila upande, na hapo ndipo mishono hukatika usiku. Hamoki ya mita 3.3 inataka miti iliyo mita nne hadi tano mbali. Iache ilegee, kisha lala mshazari, kichwa kushoto na miguu kulia au kinyume chake. Mgongo utalala karibu sawa. Kitako kiwe urefu wa kiti, sentimita 45 hivi kutoka chini.

Mikanda ya poliesta ya kufungia mizigo ya lori, upana wa sentimita 2.5 hadi 5, utaipata soko la Gikomba kwa bei nzuri. Nailoni hurefuka ikilowa, nawe utaamka makalio yakigusa majani. Katani huoza na kukata gome. Funga uzi mfupi unaoning'inia kwenye kila mkanda, karibu na hamoki, ili maji ya mvua yanayotiririka kutoka mtini yadondokee hapo badala ya kuingia kitandani. Turubai la mita 3 kwa 3 linatosha mtu mmoja. Kabla ya kulala tazama juu: tawi kavu hungoja upepo tu.

Mbu huuma kupitia kitambaa chembamba kwa chini, mahali ulipokigandamiza. Weka mkeka wa foamu wa sentimita moja ndani. Utazuia mbu, na pia ubaridi wa alfajiri. Chandarua kizunguke pande zote. Mtu aliyekulia Nairobi hana kinga ya malaria, kwa hiyo muone daktari mapema: dawa nyingine za kuzuia huanza kumezwa wiki kadhaa kabla, na zote huendelea baada ya kurudi.

Maji ya kunywa ni lita tano kwa mtu kwa siku. Tana ni ya tope, na tope humaliza nguvu ya klorini na kuziba chujio. Yaache yatulie usiku kucha na shabu kidogo, mwaga ya juu taratibu kwenye chombo kingine, kisha chemsha. Usichutame ukingoni kuteka. Rusha ndoo yenye kamba ukiwa umesimama juu. Mamba huvizia hasa pale watu wanaporudia kuteka.

Mtoni, adui mkubwa ni mti ulioanguka kwenye kona: maji hupita katikati ya matawi, mtu hubaki. Mtumbwi ukisukumwa ubavu kwenye gogo, mwili utataka kuegemea upande maji yanakotoka. Ukifanya hivyo yatapanda ukingo na kuujaza. Egemea gogo. Viboko nao hukimbilia kina kirefu wakishtuka, kwa hiyo pita upande wa maji mafupi, gonga ubavu wa chombo kwa mpini wa kafi kabla ya kona, na usikae kati yao na kina.

Chombo, basi: plastiki ngumu, mita tano, isiwe ya kujaza upepo. Kafi ya tatu, jaketi la kuelea lisilovuliwa, mzigo mzito chini katikati, tezi (nyuma) ikizidi omo (mbele) uzito kidogo tu. Usiku kivute nchi kavu, kipindue, ukifunge mtini. Ila ningekuwa wewe ningemlipa Mpokomo mwenye mtumbwi na upondo wake awatangulie. Kabla ya hapo lipa siku moja Sagana, ujifunze kuogelea ndani ya maji yanayokimbia.

Mtandao wa simu utaupata karibu na miji, si kila kona. Mwachie mtu Nairobi orodha ya kambi na tarehe, na mkubaliane: ujumbe usipofika kufikia saa tatu usiku wa siku mliyopanga kufika mji, anapigia chifu wa kijiji kinachofuata, kisha 999.