Mdogo wangu, vijana wako hawajapotea

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako ilinifikia, marahaba. Nimeamua kukujibu hadharani, jina lako nikilisitiri, maana wachungaji na walezi wa vijana wenye mzigo kama wako ni wengi, na si wote wana dada mwenye mdomo.

Unasema siku vijana wako walipobarikiwa (kipaimara) kanisa lilifurika: suti, magauni meupe, picha hadi jua likazama, pilau kila nyumba. Miaka miwili ulikuwa unawafundisha Katekisimu. Jumapili iliyofuata benchi la vijana likabaki na wanakwaya na mpiga kinanda. Mzee mmoja akasema barazani kwamba vijana wamekushinda, na sasa unataka kuandika barua ya kuacha.

Usiiandike kwanza. Chukua daftari, andika jina la kila uliyemfundisha, na mbele ya jina andika yuko wapi leo saa nne asubuhi. Huyu kapangiwa shule ya bweni mkoa mwingine. Yule yuko chuo cha ufundi cha VETA anasomea umeme. Wengine wako kijiweni na bodaboda, mmoja ni dada wa kazi Dar, mmoja yuko nyumbani ananyonyesha. Hao hawajamkimbia Mungu. Ni ratiba yenu iliyowaacha, maana bado inapangwa kana kwamba kila kijana ni mwanafunzi wa kutwa anayelishwa na baba yake.

Mchukulie huyo wa bodaboda. Jumapili asubuhi ndiye anayewapeleka hao wazee kanisani na kuwarudisha. Pikipiki si yake, na jioni tajiri anataka hesabu. Ukimwita kipindi cha vijana saa nane mchana, umemtaka achague kati yako na hesabu, na hesabu itashinda. Mwalike ibada ya kwanza, ile ya alfajiri, ili saa tatu awe ameshaingia barabarani. Asipoweza, mfuate kijiweni siku ya kazi. Usiende kama mtu anayefungua mkutano wa injili. Panda pikipiki yake, lipa nauli kamili bila kuomba upunguziwe kwa ajili ya utumishi, muulize hali ya mama yake. Hapo ndipo utasikia yale ambayo semina haiyasikii: mikeka anayobeti kila wikiendi, mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, aliochukua ili kulipa mkopo mwingine. Usimhubirie kuhusu kubeti kabla hujajua anadaiwa kiasi gani. Hapo usharikani hamkosi mama anayeendesha kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA au mhasibu mstaafu. Waombe Jumamosi moja wakae na vijana, karatasi na kalamu mezani, wapige hesabu pamoja.

Walioko sekondari wana UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Tafuta namba ya mwalimu mlezi umtumie majina yao. Likizo ya Juni na ya Desemba wasikute geti la kanisa limefungwa. Na wanaomaliza kidato cha nne Novemba uwaangalie zaidi, maana hukaa nyumbani miezi mingi hadi kidato cha tano kifunguliwe katikati ya mwaka unaofuata. Wape kazi ya kweli, si kupanga viti tu.

Sasa yule binti mwenye mtoto. Kwa utaratibu wenu ametengwa, hashiriki Meza ya Bwana mpaka arudi kundini, na siku hiyo atasimama mbele ya watu wale wale waliomjadili sokoni. Kijana aliyempa mimba anaimba besi Jumapili hii hii, na kila mtu anajua. Sikuambii uvunje taratibu za kanisa. Zina vikao vyake, na siku ukiitwa humo lisemee. Lakini hakuna kanuni inayokukataza kumtembelea. Nenda mchana, nenda na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake, mkae barazani watu wakiwaona. Beba sabuni na sukari. Msianze na dhambi. Yeye anaijua kuliko ninyi. Mshike mtoto kwanza, ulizeni kama analala usiku. Kisha mwulizeni kama anataka kurudi shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito warudi katika mfumo rasmi. Kuna wazazi wasiojua hilo, na wapo wanaojua lakini wanaona aibu kwenda kwa mkuu wa shule. Msindikizeni. Binti akiona mlezi wa vijana amekaa naye ofisini kwa mkuu wa shule, hilo hutahitaji kulieleza kwenye mahubiri.

Fedha za vijana zisilale kwenye simu yako hata usiku mmoja. Kitabu cha stakabadhi, mhazini ambaye si wewe, watu wawili wa kusaini, basi. Hata yule jogoo wa mnada, mnayemuuza mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha madhabahuni, aandikwe mara zote tatu.

Kuhusu uchovu wako, Yethro alimwambia Musa wazi kwamba kazi ile ilikuwa nzito, asingeiweza peke yake, akamwelekeza achague watu wa kusaidiana naye. Katika hao waliobaki kwenye benchi wapo wa kugawana daftari lako, kila mmoja majina machache ya kufuatilia. Na Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumpa semina. Alimwambia, "Inuka, ule," akala, akalala tena. Wewe unakula saa ngapi? Jumatatu zima simu, lala, mpeleke mkeo akanunue kitenge. Yule mzee wa barazani mpelekee daftari likishajaa, umwombe akufuatie kijana mmoja tu, aliye jirani yake.

Nimekununulia kaunta buku na kalamu, nimeziweka kwenye basi la Alhamisi, uzichukue stendi. Mama anakusalimu, anauliza kama kile kikohozi kimepona.

Ni mimi dada yako.